Posa ya mtoto wa ami: ndoa za ndugu zinaifukarisha nchi kweli?

"Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga, ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ami yangu aliyehamia Muscat zamani ameleta posa ya mwanawe. Wazee wote wameridhika, bibi analia kwa furaha. Kaka yangu aliye chuo kikuu amekataa katakata. Amenitumia ramani ya dunia: nchi ambazo ndugu wanaoana sana zimepakwa rangi nyekundu, na nyingi ni maskini au zimejaa rushwa. Anasema ndoa hizi ndizo zinazozirudisha nchi nyuma, na kwamba watoto wetu watazaliwa na kasoro. Je, ni kweli? Nikikubali, nitakuwa nimeongeza tatizo? Kijana mwenyewe simchukii, tumeongea kwa simu mara nne."

Marahaba, mwanangu. Umenifungia maswali matatu katika fundo moja: kama ndoa za ndugu zinafukarisha nchi, kama zinaharibu watoto, na kama wewe ukiitikia posa utakuwa umekosea. Kazi yangu ni uchumi wa kaya, yaani namna familia zinavyochuma, zinavyogawana na kurithishana, kwa hiyo kwenye hilo la kwanza nitakaa sana. La pili nitakupa hesabu za madaktari bila kuzitia sukari wala pilipili. La tatu ni lako, mimi nitachungulia tu.

Ramani ya kaka yako naijua, na haikutungwa. Watafiti huihesabu ndoa kuwa ya ndugu pale mume na mke wanapokutana kwa babu au bibi mmoja, au ngazi moja juu yake, kwa wazazi wa babu na bibi. Kwa kipimo hicho, Pakistani ni zaidi ya nusu ya ndoa zote. Saudia, Oman na Qatar zimezunguka hapo kwenye nusu kwa miongo mingi. Ulaya, Marekani na China ziko karibu na sifuri. Ukiitazama haraka utasema kijana kasema kweli.

Sasa weka kidole kwenye nchi mojamoja. Qatar, Kuwait na Falme za Kiarabu zimeiva kwa rangi nyekundu, na pato la mtu mmoja huko linashinda la nchi nyingi za Ulaya. Kaka atasema hayo ni mafuta, na hapo hakosei; kisima hakichimbwi na ndoa. Basi tuziweke kando nchi za mafuta twende India, ambako serikali ni moja, sarafu ni moja, na mila ni mbili. Kusini, Tamil Nadu na Karnataka, Wahindu huoa binti wa mjomba tangu zamani, na hata mjomba kumwoa mpwa wake si jambo la kushangaza. Katika takwimu za kaya za karibuni zaidi ya robo ya ndoa za huko ni za ndugu. Kaskazini, Uttar Pradesh na Bihar, Wahindu ni mwiko kuoa ndani ya ukoo, na sehemu nyingi hata kuoa ndani ya kijiji ni aibu. Kama ramani ingesema ukweli wote, kaskazini ndiko kungekuwa na neema. Kumbe Bengaluru na Chennai, miji ya kompyuta na viwanda vya magari, ziko kusini, na Bihar ndiyo inayotajwa kila ukitafutwa mfano wa umaskini.

Halafu rudi kwetu. Muganda huulizwa muziro wake, yaani mnyama au kitu cha mwiko kinachotambulisha ukoo wake, kabla hajazoea nyumba ya mchumba. Wajaluo wawili wakigundua wanatoka ukoo mmoja, uchumba unakufa siku hiyo hiyo. Miiko hiyo ni ya karne na karne, na haijatufanya Uswisi.

Kwa hiyo ramani inaonyesha vitu viwili vinavyokaa mtaa mmoja. Haisemi nani kamzaa mwenzake. Na mimi, baada ya kuyasoma haya miaka mingi, naamini kwamba sehemu kubwa ya mshale wa sababu, unaotoka kwenye chanzo kwenda kwenye matokeo, inaelekea upande ambao kaka yako hakuutazama: umaskini na ukosefu wa vyombo vya kuaminika huwafanya watu waoane ndani.

Nikuonyeshe kwa minazi, maana wewe ni mtu wa Tanga. Chukua mzee wa Muheza mwenye minazi 100. Mkewe na wazazi wake wameshatangulia, naye akifa anaacha vijana wawili na binti mmoja. Kwa mirathi ya Kiislamu kila kijana anapata 40, binti anapata 20. Binti akiolewa na mtu wa mbali, miaka 30 baadaye minazi 20 katikati ya shamba ni ya watoto ambao baba yao mlimjulia harusini. Wanaweza kuiuza, na mnunuzi anaweza kuweka ua na kuziba njia ya kisimani. Binti yule yule akiolewa na mtoto wa ami yake, shamba linabaki zima bila hati wala mwanasheria. Wazee wa zamani hawakuwa wajinga. Walikuwa wanafanya kazi ambayo kwingine inafanywa na ofisi ya ardhi.

Na si ardhi tu. Mahali pasipo benki, mkopo unatoka kwa ami. Mahali pasipo bima, ukiugua unauguzwa na shangazi. Mahakama ikiwa mbali au ikiwa na bei, mkataba unaoshika ni ule ambao aliyeuvunja atakutana na nyanya yake mezani. Ndoa ya ndugu inakaza kamba hizo mara ya pili: mkwe wako ni ami yako, anayekudai ni anayekuombea.

Jambo moja linalonifurahisha kila nikilifundisha, kwa sababu linawakera watu wa pande zote. Huko India majimbo kadhaa yalibadilisha sheria ili binti wa Kihindu arithi sawa na kaka yake, kabla ya utaratibu huo kuenea nchi nzima mwaka 2005. Sheria nzuri kabisa. Mtafiti Duman Bahrami-Rad alipofuatilia, alikuta kwamba wanawake walioguswa na sheria hiyo waliolewa na binamu zao zaidi kuliko wasioguswa. Familia zilitii sheria, kisha zikatafuta namna ya kuizuia mali isitoke mlangoni.

Sasa ushahidi wa mshale wenyewe. Bangladesh, wilaya ya Matlab, kulijengwa tuta refu kuzuia mafuriko ya mito ya Meghna na Dhonagoda, likakamilika mwaka 1987. Vijiji vya ndani ya tuta vikapata mavuno ya uhakika, vya nje vikaendelea kuogelea. Watu ni wale wale, dini ile ile, lugha ile ile. Watafiti walipolinganisha miaka iliyofuata, ndoa za binamu zilipungua ndani ya tuta kuliko nje. Sababu yake ni ya kimahesabu. Kule upande wa binti ndio unaotoa mali kwenda kwa mume, kinyume na mahari yetu. Baba asiye na kitu humpa nduguye binti kwa ahadi ya "tutamalizana", kwa kuwa ndugu anaweza kungoja. Alipopata mpunga wa kuuza, akaweza kumlipa mtu baki. Hakuna shehe wala mhubiri aliyepita kuwakataza.

Japani ni hivyo hivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kama ndoa 16 katika kila 100 zilikuwa za ndugu. Kufikia miaka ya 1980 zilikuwa chini ya 4. Kuoa binamu ni halali Japani mpaka leo; vijana walihamia mijini, wakaajiriwa viwandani, wakakutana na watu wengine, na pensheni ikachukua nafasi ya ami.

Hata hivyo nisimdhulumu kaka yako. Upo ushahidi wa upande wake, na ni mzito kuliko ramani aliyokutumia.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha kazi ya Jonathan Schulz, Joseph Henrich na wenzao. Wanasema Kanisa la Magharibi, kuanzia mikutano ya maaskofu kama ule wa Agde wa mwaka 506, lilikataza ndoa za ndugu kwa ukali uliopanda kila karne, hadi karne ya 11 mtu akawa anakatazwa jamaa wa daraja la saba, yaani wanaokutana kwa babu wa vizazi saba nyuma, watu ambao kwa kawaida huwezi hata kuwajua. Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 ulilegeza mpaka daraja la nne. Kwa hoja yao, ukoo wa Ulaya ulipovunjika hivyo, watu walilazimika kujifunza kumwamini mtu baki: kuunda vyama vya mafundi, miji yenye katiba zake, vyuo, na baadaye kampuni. Walipima mpaka ndani ya Italia, kwa kutumia kumbukumbu za Vatikani za ruhusa maalumu walizopewa binamu waliotaka kuoana. Mikoa iliyokuwa na ruhusa nyingi ndiyo ambayo watu walichangia damu kwa hiari kidogo zaidi, na walipendelea kushika fedha taslimu kuliko kutumia hundi na benki. Damu ya kuchangia unampa mtu usiyemjua, ndiyo maana wakaichagua kuwa kipimo.

Kazi ya pili naiona kuwa bora zaidi, kwa kuwa inakaribia jaribio. Marekani majimbo yalipiga marufuku ndoa za binamu kwa nyakati tofauti, Kansas ikiwa miongoni mwa ya kwanza, mwaka 1858, na mpaka leo takriban nusu ya majimbo yanakataza. Ghosh, Hwang na Squires, katika utafiti uliochapishwa 2023, walitumia majina ya ukoo kujua ni familia zipi zilikuwa na mazoea ya kuoana zenyewe kwa zenyewe, wakafuatilia vizazi vyao kwenye sensa. Katika majimbo yaliyokataza, watoto na wajukuu wa familia hizo walihama mashambani kwenda mijini zaidi, na kipato chao kikapanda. Sababu kubwa haikuwa afya. Kamba za nyumbani zililegea, kijana akaweza kuondoka.

Hapo ndipo mshale wa pili ulipo, na sitaki kuuficha: ukoo uliokazwa sana unakubeba ukianguka, na unakushika miguu ukitaka kukimbia. Mwenye duka anamwajiri mpwa asiyejua hesabu, akamwacha mtu baki mwenye cheti. Mwenye ofisi anasaini zabuni kwa kuwa aliyeomba ni shemeji. Lakini angalia, mwanangu: hiyo tunaita undugunaizesheni, na neno hilo halikutungwa kwa ajili ya watu wanaooa binamu. Linasikika hata kwenye ofisi zilizojaa watu ambao kwao kuoa binamu ni laana. Undugu unaweza kuila ofisi bila harusi hata moja ya ndugu. Na upande wa pili, ukoo wa Rothschild, mabenki wakubwa wa Ulaya ya karne ya 19, waliozana binamu kizazi hadi kizazi ili mtaji usitoke, na hawakufilisika. Mwanasayansi Charles Darwin alimwoa binamu yake Emma Wedgwood mwaka 1839, Uingereza ikiwa ndiyo karakana ya dunia.

Jibu langu la kwanza basi: ndoa za ndugu na maendeleo vinavutana pande zote mbili, mvuto mkubwa unatoka kwenye umaskini kwenda kwenye ndoa, na mvuto wa kurudi upo lakini unaonekana kwenye jamii nzima na kwa vizazi. Ndoa moja ya Tanga haihesabiki humo. Nchi inayotaka ndoa hizi zipungue ingeanza na hati za ardhi, pensheni, shule za mabinti na mahakama isiyouza haki.

Sasa watoto. Kaka anasema watazaliwa na kasoro, kana kwamba ni lazima. Mji wa Bradford, Uingereza, wenye wakazi wengi wenye asili ya Pakistani, ulifuatilia maelfu ya watoto tangu mimba, na matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha hivi: wazazi wasio ndugu, kama watoto 3 katika 100 walikuwa na kasoro ya kuzaliwa, wazazi binamu, kama 6. Ni maradufu, na si jambo dogo. Lakini pia ni watoto 94 katika 100 wasio na kasoro hizo.

Sababu yake ni hii. Kila mmoja wetu amebeba vinasaba vichache vibovu ambavyo havimdhuru, maana ana nakala nzima ya upande wa pili. Mtoto anaugua akipata nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Binamu wa kwanza wanachangia wastani wa sehemu moja ya nane ya vinasaba vyao. Tuseme ugonjwa ni adimu, na mbebaji ni mtu 1 katika 500. Wazazi baki, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 katika milioni. Wazazi binamu, ni kama 1 katika 16,000. Bado ni adimu, ila umeruka mara 60.

Kwa ugonjwa ulioenea hesabu inabadilika, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea sana. Selimundu, tunayoiita siko seli, haikuletwa na ndoa za ndugu. Ililetwa na malaria: mwenye AS, yaani nakala moja tu ya kinasaba hicho bila kuugua, huhimili malaria kali kuliko mwenye AA asiye nacho kabisa, kwa hiyo kinasaba kikaenea. Katika jamii ambayo watu 15 kati ya 100 ni AS, wazazi baki wana uwezekano wa kama watoto 6 wagonjwa katika 1,000. Binamu, kama 10. Tofauti ipo, lakini anayesema "mimi nimeoa kabila lingine, kwa hiyo sihitaji kupima" anajidanganya zaidi kuliko binamu wawili waliopima.

Nyongeza moja ambayo madaktari huisahau wakiwa na haraka. Namba hizi ni za binamu ambao wazazi wao wenyewe hawakuwa ndugu. Kama baba yako na mama yako nao ni mtu na binamu yake, na ami naye alioa ndani, hatari inapanda juu ya hapo. Kaa na bibi akupe ukoo wote, uandike kwenye karatasi. Uliza nani alikufa mchanga na kwa nini. Uliza kama kuna aliyezaliwa kiziwi, aliyepoteza kuona akiwa mdogo, aliyechelewa kutembea na kuongea, aliyekuwa anaongezewa damu mara kwa mara. Bibi atasema "alipatwa na degedege" au "alirogwa". Andika hivyo hivyo, daktari ataweza kukisia.

Karatasi hiyo nenda nayo hospitali ya rufaa. Omba picha kamili ya damu na kipimo cha aina za hemoglobini. Kwa pamoja vinaonyesha selimundu na kwa kawaida thalasemia pia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambao Oman upo. Mwenzako apime huko huko Muscat. Ghuba hawalioni hili kuwa tusi: Saudia imelazimisha kipimo kabla ya ndoa tangu 2004, na nchi jirani zikafuata. Kama nyote ni AS, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya mtoto mgonjwa, na hapo msizungumze kwa simu tu, kaeni na daktari. Wako wanaoahirisha ndoa, wako wanaoendelea wakijua, wakampima mtoto akizaliwa na kumwanzishia kliniki mapema. Na kama karatasi ya bibi ina watoto wawili au zaidi wenye tatizo linalofanana, kipimo cha siko seli hakitoshi. Ombeni rufaa kwa mtaalamu wa magonjwa ya kurithi kabla ya kuweka tarehe.

Limebaki la tatu. Dini yako imeruhusu ndoa hii, haikuiamuru. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haimtaji binamu kati ya jamaa waliokatazwa, lakini inadai ridhaa yako ya hiari. Ukiona unasukumwa, kadhi na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya wapo kwa ajili hiyo, na nenda kabla ya harusi.

Kama mchumi naongeza mawili ambayo kaka hakuyataja. Ukiolewa na mtu baki unakuwa na nyumba mbili za kukimbilia. Ukiolewa na mtoto wa ami, biashara ya ami ikiyumba zinayumba zote mbili kwa mpigo, na ukigombana na mumeo baba yako atakuwa ametiwa kati ya binti na nduguye. Pili, uhasibu wako. Umeniandikia unafanya kazi, hukuniandikia kama Muscat utaendelea nayo. Hilo lina uzito kwenye kipato cha nyumba yako, na ndilo ambalo bibi hatalifikiria.

Simu ya tano ianzie hapo, kisha kipimo. Akikubali, apime kabla barua ya posa haijajibiwa, akutumie karatasi ya majibu yenyewe, uipeleke kwa daktari pamoja na yako. Na kaka yako mchukue muende naye, kwa kuwa ndiye pekee katika nyumba hiyo aliyeuliza.